Siku ya kura watoto wakiwa nyumbani: nani anabaki nao?

Mzazi wa Pasua au Njoro, hapa Moshi mjini, anapoamka siku ya Uchaguzi Mkuu hukutana na jambo ambalo matangazo ya uchaguzi hayalitaji: watoto wote wako nyumbani. Hakuna sare ya kupiga pasi wala kengele ya kuwahi, na yule wa darasa la tatu, ambaye siku nyingine hushinda shuleni hadi mchana, sasa anauliza chai iko wapi na leo wanakwenda wapi. Wakati huohuo kituo cha kupigia kura kinafunguliwa saa 1:00 asubuhi na kitafungwa saa 10:00 jioni, nacho mara nyingi kiko katika chumba kilekile ambamo mtoto huyo huketi kwenye dawati lake Jumatatu hadi Ijumaa.

Wengi hulichukulia jambo hili kuwa la ndani ya nyumba, lisilostahili kuandikiwa makala. Mimi silioni hivyo. Naamini kwamba swali la nani anabaki na mtoto huamua, kuliko hotuba nyingi za kampeni, kama mama fulani wa Majengo atapiga kura au hatapiga. Tena swali hilo limefungamana na sheria, kalenda, ajira na desturi zetu za ulezi kiasi kwamba watu huchanganya lililo haki yao, lililo kanuni ya kituo na lililo mazoea tu ya nyumbani. Ndiyo maana nimeona vyema kulifumua uzi mmoja baada ya mwingine.

Tuanze na siku yenyewe. Chaguzi Kuu za vyama vingi za mwaka 1995, 2000, 2010 na 2015 zilifanyika Jumapili. Ule wa mwaka 2005 ulikuwa umepangwa kufanyika Jumapili ya tarehe 30 Oktoba, lakini ukaahirishwa kufuatia kifo cha mgombea mwenza mmoja, na kura zikapigwa Jumatano ya tarehe 14 Desemba. Uchaguzi wa mwaka 2020 ulifanyika Jumatano ya tarehe 28 Oktoba, na ule wa mwaka 2025 Jumatano ya tarehe 29 Oktoba. Uchaguzi wa serikali za mitaa nao umefuata njia hiyohiyo: mwaka 2014 na mwaka 2019 ulikuwa Jumapili, na mwaka 2024 ukawa Jumatano ya tarehe 27 Novemba.

Kuhama huko kutoka Jumapili kwenda Jumatano kumebadilisha maisha ya nyumbani kuliko inavyodhaniwa. Jumapili ina utaratibu wake ambao familia nyingi za Kilimanjaro zimeuzoea tangu zamani. Watoto wadogo wanakwenda shule ya Jumapili kanisani, ndugu wanatembeleana, shangazi anakuja mchana, na kama hakuji, watoto wanapelekwa kwake. Mama aliyepiga kura Jumapili alikuwa na watu wa kumshika mkono bila kuwaomba, kwa kuwa siku yenyewe ilikuwa imewakusanya. Jumatano haina utaratibu huo. Ni siku ya katikati ya juma iliyogeuzwa ghafla kuwa ya mapumziko, na kila mtu mzima aliye karibu naye ana kura yake ya kupiga, biashara yake ya kufungua au zamu yake ya kazi. Sisemi kwamba Jumapili ilikuwa bora, kwa kuwa kwa waumini wengi iligongana na ibada, na jambo hilo ni zito. Ninachosema ni kwamba siku ilipobadilika, kazi ya kulea watoto wakati wa kupiga kura haikupangiwa mahali pengine.

Sasa, kwa nini shule zinafungwa? Jibu la haraka ni kwamba siku hiyo hutangazwa na Rais kuwa ya mapumziko, kama ilivyofanyika mwaka 2020, 2024 na 2025. Jibu hilo ni sahihi lakini halitoshi. Hata tangazo lisingetolewa, shule nyingi zisingeweza kufundisha, kwa sababu madarasa ndiyo vituo na walimu ni sehemu kubwa ya watendaji wanaoviendesha. Madawati hupangwa upya, vituturi, yaani vibanda vya kupigia kura kwa siri, huwekwa mahali ambapo mtu hawezi kuchunguliwa, na masanduku ya kura hukaa pale ambapo kwa kawaida hukaa meza ya mwalimu. Mwalimu mwenyewe, ikiwa ameteuliwa kuwa msimamizi wa kituo au karani mwongozaji wa wapiga kura, huondoka nyumbani kabla hakujapambazuka na hurudi usiku, kwa kuwa kura huhesabiwa kituoni palepale baada ya upigaji kura kufungwa. Watoto wa mwalimu huyo nao wako nyumbani siku nzima, na mara chache nimesikia mtu akiwakumbuka.

Kwa hiyo tangazo la mapumziko na kufungwa kwa shule ni mambo mawili yanayokwenda pamoja, lakini kazi zake zinapingana. Mapumziko yamewekwa ili kumpa mpiga kura nafasi ya kwenda kituoni, ilhali kufungwa kwa shule kunamkabidhi mpiga kura huyohuyo watoto ambao siku nyingine wangekuwa mikononi mwa mwalimu. Kwa mwajiriwa wa ofisini mwenye mwenzi nyumbani, mambo hayo mawili yanalingana, naye anabaki na nafasi ya kutosha. Kwa mama anayelea peke yake, yanaweza kumwacha na nafasi ndogo kuliko aliyokuwa nayo Jumanne.

Ni vyema pia kutazama mapumziko hayo yanamfikia nani hasa. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kwamba mwajiriwa anayefanya kazi siku ya sikukuu ya umma alipwe mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa aliyofanya kazi. Ni kifungu kizuri, na waajiriwa wengi hawakijui. Hata hivyo hakimsaidii mama anayeuza ndizi katika soko la Mbuyuni au nguo za mitumba Kiboriloni, ambaye hana wa kumlipa mara mbili na ambaye, akifunga genge, amepoteza pato la siku. Hakimsaidii dereva wa bodaboda. Muuguzi wa zamu ya mchana katika hospitali ya KCMC au Mawenzi anaweza kulipwa vizuri siku hiyo na bado akakosa mtu wa kubaki na mwanawe, kwa kuwa hata vituo vingi vya kulelea watoto mchana huwa vimefungwa.

Halafu kuna mlima. Oktoba iko ndani ya miezi ambayo wageni wengi hupanda Kilimanjaro, na safari moja huchukua siku tano hadi nane kutegemea njia. Waongoza watalii, wapishi na wapagazi walio mlimani siku ya kura hawapigi kura, kwa kuwa sheria zetu hazina kura ya posta na mpiga kura anatakiwa kwenda kwenye kituo alichoandikishwa. Ndivyo ilivyo pia kwa wenzao wa Arusha walio Serengeti au Ngorongoro na wageni. Wengi wao ni baba wa watoto. Wakiwa huko, kura yao inapotea, na ya mke inakuwa ngumu, kwa kuwa yeye amebaki peke yake na watoto wote. Nyumba moja inaweza kupoteza kura mbili kwa sababu ya safari moja ya kazi, na hili halionekani katika hesabu yoyote ya waliojitokeza na wasiojitokeza.

Mtoto kwenye foleni

Sasa tuje kwenye jambo linaloulizwa zaidi: je, mtu anaruhusiwa kwenda kituoni na mtoto?

Kwa mtoto mchanga, jibu ni ndiyo, na zaidi ya ndiyo. Tume ya uchaguzi, ambayo tangu sheria mpya za mwaka 2024 inaitwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, imekuwa ikielekeza kwamba wazee, wagonjwa, watu wenye ulemavu, wajawazito na akina mama wanaonyonyesha waliofika kituoni na watoto wao wapewe kipaumbele. Maana yake ni kwamba hawatakiwi kusubiri foleni kama wengine. Maneno ya kuangaliwa hapa ni “waliofika kituoni na watoto wao”: mama anayenyonyesha aliyemwacha mtoto nyumbani hana alama ya kumtambulisha kwa karani.

Mwaka 2020 nilikwenda kupiga kura nikiwa na mwanangu wa miezi minane mgongoni. Nilifika saa mbili asubuhi, nikasimama nyuma ya watu wapatao arobaini, na jua lilipoanza kuwa kali nikamfunika kwa khanga nikaendelea kusimama, kwa kuwa nilidhani nafasi ya mbele ni hisani inayotolewa na watu wenye huruma na sikutaka kuiomba. Nilikaa hivyo kwa saa nzima. Kisha bibi mmoja aliyeletwa na mjukuu wake alipita pembeni yetu kwenda mbele, akaniona, akanishika mkono na kusema, “Mwanangu, njoo, na wewe ni wa huku.” Karani hakuuliza chochote. Laiti ningejua mapema, ningekuwa nyumbani kabla mtoto hajaanza kulia. Tangu siku hiyo nimewaambia kina mama wengi ninaokutana nao: nendeni moja kwa moja kwa karani mwongozaji, mwonesheni mtoto, wala msione haya mbele ya walio kwenye foleni.

Kwa baba aliyembeba mtoto mchanga, maelekezo hayamtaji waziwazi, kwa kuwa yanazungumzia akina mama wanaonyonyesha. Nashauri amweleze karani hali yake kwa adabu. Sijaona sababu ya maana ya kumkatalia mtu mwenye kichanga begani kwa kuwa tu ni mwanamume.

Mtoto aliyekwisha kuacha kunyonya ni suala jingine. Mtoto wa miaka minne au sita hampi mzazi wake nafasi ya mbele, na mzazi aliyekwenda naye lazima awe tayari kusimama naye muda wote. Ndani ya chumba, mambo yanakwenda kwa hatua: jina linatafutwa katika daftari na kusomwa kwa sauti ili mawakala wa vyama walisikie, kisha mpiga kura hupewa karatasi tatu, za rais, mbunge na diwani, huingia kwenye kituturi, hutumbukiza kila karatasi katika sanduku lake, na kidole kidogo cha mkono wa kushoto huchovywa kwenye wino usiofutika. Mtoto mdogo anayeshika sketi ya mama yake anaweza kupita hatua hizo bila kumsumbua mtu. Lakini kura ni siri, na kituturi ni cha mtu mmoja. Mtoto wa darasa la nne anasoma, anazitambua picha za wagombea na rangi za vyama, na akitoka nje atasema alichokiona, kwa sauti, mbele ya foleni nzima. Kwa maoni yangu mtoto wa umri huo asifike karibu na kituturi hata kama hakuna aliyemzuia. Akae nje na mtu mzima anayemfahamu, au asiende kabisa.

Kuna na wale wakubwa zaidi, wa miaka kumi hadi kumi na minne, ambao kwao kituo ni shule yao na uwanja wake ni uwanja wao wa mpira. Siku ya mapumziko miguu huwapeleka huko yenyewe. Hapa wazazi wawe wakali. Utaratibu wa siku ya kura unamtaka mtu apige kura na kuondoka, na suala la watu kukaa umbali wa mita 200 kutoka kituoni lilifika hadi Mahakama Kuu mwaka 2015, mahakama ikakataa mikusanyiko hiyo. Polisi wanaolinda kituo wana wajibu wa kuuacha uwanja wazi, na kundi la wavulana waliosimama ukutani wakitazama linaweza kueleweka vibaya. Mtoto aambiwe mapema, usiku wa kuamkia kura, kwamba leo shule si shule.

Bibi na dada

Suluhisho la kwanza linalomjia mzazi wa Moshi ni bibi. Jumanne jioni watoto wanapandishwa daladala kwenda Kibosho, Uru au Old Moshi, wanalala kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, na mzazi anabaki mjini akiwa huru. Ni desturi nzuri, na watoto wenyewe huifurahia. Lakini tuitazame kwa makini. Bibi naye ni mpiga kura. Ameandikishwa huko kijijini, katika jimbo la Moshi Vijijini, si Moshi Mjini, na kituo chake kinaweza kuwa mwendo wa miguu kupanda na kushuka makorongo, mwishoni mwa Oktoba ambapo mvua za vuli zinaweza kuwa zimekwisha kulowesha njia. Yeye ni mtu ambaye Tume imemtaja kwa umri wake kuwa apewe kipaumbele, na sisi tunamletea wajukuu wanne wa kubaki nao. Tunamnyima kura yake ili kuokoa yetu, tena bila kumwuliza, kwa kuwa anajulikana kuwa hakatai.

Kama watoto wanakwenda kwa bibi, basi aende nao mtu mzima aliyeandikishwa kule kijijini: mjomba, shangazi, au kijana wa ukoo aliyebaki nyumbani. Bibi aende kituoni mapema, yule mwingine abaki, kisha wabadilishane. Mpango huu unahitaji simu moja tu Jumapili kabla ya kura.

Wa pili ni dada wa kazi, na hapa ndipo penye uzito ninaoutaka msomaji aukubali nami. Katika nyumba nyingi za mijini, Arusha na Moshi, mzazi anapiga kura bila shida yoyote kwa kuwa dada yupo. Tunasema “watoto wako na dada” na tunaondoka. Dada huyo, akiwa na miaka 18 au zaidi, ana haki ileile ninayoitumia mimi. Ibara ya 5 ya Katiba inampa kila raia wa Tanzania aliyetimiza miaka 18 haki ya kupiga kura, na haisemi isipokuwa yule aliyeachiwa watoto. Mara nyingi dada ametoka mbali, Singida, Kondoa, Babati au Rombo, na kama aliandikishwa kwao kabla ya kuja mjini na hakuhamisha taarifa zake wakati daftari lilipokuwa likiboreshwa, siku ya kura hawezi kupiga kura hapa. Kuhamisha taarifa hufanyika wakati wa uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura tu, wala si wiki ya uchaguzi. Mwajiri ambaye hakumruhusu atoke nusu saa kwenda kwenye kituo cha kuandikisha alikuwa tayari amemnyima kura miezi mingi kabla ya siku yenyewe.

Na kama ameandikishwa hapa, kwa nini yeye asiende wa kwanza? Mimi naona ndivyo inavyopaswa kuwa. Saa 1:00 asubuhi watoto wengi bado wamelala au wanakunywa chai, na mzazi yupo nyumbani kwa kuwa ni mapumziko. Dada aende, arudi, kisha mzazi aondoke. Kwa kuwa naye ni mwajiriwa, kifungu cha malipo ya mara mbili kwa siku ya sikukuu kinamhusu pia, hata kama ni nyumba chache zinazokikumbuka.

Ikiwa dada ana miaka kumi na tano au kumi na sita, basi jambo ni jingine kabisa: kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na sheria hiyohiyo inamtaka mzazi ahakikishe kwamba asipokuwapo kwa muda mtoto wake anatunzwa na mtu anayeiweza kazi hiyo. Kumwachia msichana wa umri huo vichanga viwili na jiko la mkaa kwa saa nne, huku majirani wote wazima wakiwa kwenye foleni, ni jambo ambalo mzazi asilifanye kwa kujipa moyo kwamba siku nyingine hufanya hivyo. Siku nyingine jirani yupo ng'ambo ya ua.

Saa tisa, na namna ya kuzigawa

Wanaokosa kura kwa ajili ya watoto mara nyingi hufikiri kwamba foleni itawachukua siku nzima. Hesabu haisemi hivyo. Mwaka 2025 walioandikishwa walikuwa zaidi ya milioni 37 na vituo vilikuwa zaidi ya 99,000, yaani wastani wa watu wasiofika 400 kwa kituo kimoja kwa muda wa saa tisa, hata kama wote wangejitokeza. Kinachofanya foleni ionekane haina mwisho ni kwamba shule moja inaweza kuwa na vituo vingi, kila chumba na majina yake, na mtu akisimama kwenye mlango usio wake anapoteza saa nzima ndipo aambiwe ahamie mlango wa tatu. Orodha za majina hubandikwa siku kadhaa kabla. Mzazi anayepita pale Jumatatu na kusoma jina lake na namba ya kituo chake amejiokolea muda ambao mtoto wake angeutumia kulia.

Kadi ya mpiga kura nayo itolewe mahali ilipo na kuwekwa juu, mbali na mikono midogo. Iliyopotea au kuharibika si mwisho wa mambo: katika chaguzi za mwaka 2020 na 2025 Tume iliruhusu aliyemo katika daftari kutumia kitambulisho cha taifa, leseni ya udereva au hati ya kusafiria, mradi majina yafanane na yaliyo kwenye daftari.

Mpango ninaouona ukifanya kazi katika mitaa yetu ni ule wa zamu kati ya nyumba mbili au tatu. Mama wawili wanaoaminiana wanakusanya watoto katika nyumba moja, mmoja anakwenda asubuhi na mwingine saa sita, foleni zinapokuwa zimepungua. Ni jambo jepesi kulieleza, lakini lina sharti moja gumu: aliyekwenda wa kwanza arudi kwa wakati. Asipitie sokoni, asisimame kuzungumza, kwa kuwa saa anazozitumia si zake.

Tena mpango huo usitegemee simu. Tarehe 29 Oktoba 2025 maandamano na ghasia zilizuka katika miji kadhaa, Arusha ikiwemo, watu wakapoteza maisha, huduma ya intaneti ikakatika nchini, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Wazazi waliokuwa wamezoea kuulizana kwa ujumbe wa simu “uko wapi, nikupitie?” walibaki bila jibu, na watoto walikuwa wametawanyika kwa majirani. Siandiki haya ili kumtisha mtu asiende kupiga kura. Naandika kwa sababu yaliyotokea yalitokea, na mzazi anayejua mtoto wake yuko nyumba gani, na nani, hadi saa ngapi, na nini kitafanyika asiporudi kwa wakati, amefanya lililo katika uwezo wake. Mambo hayo manne yasemwe kwa mdomo, ana kwa ana, kabla mtu hajatoka mlangoni.

Uchaguzi wa serikali za mitaa usichanganywe na huu. Una orodha yake ya wapiga kura, ambayo mwaka 2024 iliandikishwa upya kati ya tarehe 11 na 20 Oktoba. Kituo kiko mtaani, karibu zaidi na nyumbani, kwa hiyo mzigo wa watoto ni mwepesi. Mama aliyekosa kura ya Oktoba kwa ajili ya mtoto asidhani kwamba na hii itakuwa vilevile.

Wapo pia wanafunzi ambao hawahitaji kubaki na mtu, kwa kuwa wao wenyewe ni wapiga kura. Sheria inaruhusu kumwandikisha atakayetimiza miaka 18 ifikapo siku ya uchaguzi, na kidato cha tano na cha sita wamejaa vijana wa umri huo. Tatizo lao ni mahali. Aliyeandikishwa kwao akiwa likizo anaweza kujikuta Oktoba yuko bweni mkoa mwingine, na wa chuo aliyeandikishwa karibu na chuo anaweza kujikuta yuko kwao, kama ilivyotokea mwaka 2010 vyuo vilipochelewa kufunguliwa hadi baada ya uchaguzi na wanafunzi wengi wakalalamika. Mzazi mwenye kijana wa namna hiyo amwulize wakati wa kuandikisha, “Oktoba utakuwa wapi?”

Nimekuwa nikijiuliza nini kingebadilika kama jambo hili lingechukuliwa kuwa la uchaguzi na si la nyumbani tu. Maelekezo ya kipaumbele yangeandikwa kwa herufi kubwa na kubandikwa getini, si kuachwa katika kumbukumbu ya karani. Benchi mbili za darasani zingewekwa chini ya mti kwa wenye watoto. Mwenyekiti wa mtaa angeuliza wiki moja kabla ni nyumba zipi zenye mzazi mmoja na nani ataketi na watoto wake, na makanisa na misikiti, ambavyo vina kumbi na walezi wanaoaminika, vingefungua milango yake kwa watoto kwa saa chache bila kuuliza mzazi anakipigia chama gani. Hakuna katika hayo linalohitaji sheria mpya.

Hadi hapo, kuna kanuni moja ambayo ningependa kila mama wa Pasua, Soweto au Msaranga aijue. Kituo hufungwa saa 10:00 jioni, lakini aliyekwisha kuwa kwenye foleni saa hiyo hafukuzwi. Huonyeshwa nani ni wa mwisho, na wote waliomtangulia, pamoja naye, hupiga kura zao hata kama saa kumi imepita. Kwa hiyo mama ambaye jirani yake amerudi saa tisa na nusu alasiri, na ambaye kituo chake kiko mwendo wa robo saa, bado ana kura. Amkabidhi mtoto, achukue kadi yake, aende.